Mwanariadha na akichunguze chuo kabla ya kukikabidhi miguu yake

Katika vijiji vya Bonde la Ufa hakuna habari inayopokewa kwa vifijo kama ile ya kijana aliyepata nafasi ya chuo huko Marekani kwa nguvu za miguu yake. Wazee hukusanyika, harambee ya nauli huitishwa, fahali huchinjwa, na mchungaji huombwa aiombee safari. Furaha hiyo ni halali, wala sina nia ya kuitia doa. Ninalolalamikia ni kwamba katika shamrashamra zote hizo ni nadra mno kumsikia mtu akiuliza chuo chenyewe ni cha namna gani. Kijana amepimwa na kocha wa ng'ambo mpaka sekunde ya mwisho: muda wake wa mita 1,500, muda wake wa mita 5,000, alama zake za KCSE, hata tarehe aliyomaliza shule. Chuo nacho kimepimwa na nani?

Anayethubutu kuuliza hivyo huambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ilikusudiwa kuwakemea wavivu. Haikukusudiwa mkulima akabidhiwe jembe lisilo na mpini kisha ashukuru. Kijana wa miaka 19 anayekubali mwito wa chuo cha Marekani anatoa kitu ambacho hatakipata tena maishani, yaani miaka minne au mitano ya ubora wa mwili wake. Katika miaka hiyo angeweza kuingia kambini Iten, au akaajiriwa na jeshi au polisi kama walivyofanya wanariadha wetu wengi, au akasoma katika chuo kikuu cha hapa nchini huku akikimbia. Anayetoa kitu cha thamani ana haki ya kujua atapewa nini badala yake. Huo si ufidhuli wala kukosa shukrani.

Njia hii ya Marekani si ngeni kwetu. Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico, chuo ambacho Wakenya wengi hata leo hawawezi kukionyesha kwenye ramani. Aliendelea na masomo hadi shahada ya uzamifu, akarudi nyumbani, akawa Kamishna wa Michezo na profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Peter Rono, zao la shule ya St. Patrick's Iten, alikuwa bado mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki katika jimbo la Maryland, aliponyakua dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Katika michezo hiyo hiyo Paul Ereng, aliyekuwa akisoma Virginia, alitwaa dhahabu ya mita 800. Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili huko Texas, kisha akahamia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya kibinafsi ya vyuo, akahitimu katika taaluma ya uuguzi, na baadaye akapata nishani ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki za London mwaka 2012.

Msomaji ataona kwamba orodha hiyo haikujaa majina makubwa ya vyuo. Ataona pia kwamba nimemwacha nje mmoja ambaye kwa mbio aliwapita wote. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Ulimwengu haukuwa umeona jambo kama hilo. Lakini baadaye, kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, aliandamwa na ulevi na ufukara, akafikia hatua ya kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege. Alifariki mwaka 2024. Sisemi kwamba chuo ndicho kilichomwangusha, kwani maisha ya mtu yana mengi, na sisi wenyewe tulimnyima Olimpiki mara mbili kwa kususia michezo ya 1976 na 1980. Nasema tu kwamba rekodi nne za dunia hazikumhakikishia riziki. Sembuse kijana anayekimbia mita 5,000 kwa dakika 14?

Swali la kwanza, basi, ni la fedha, na hapa ndipo wazazi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Neno lenyewe, ufadhili wa masomo, masikioni mwetu lina maana moja tu: kila kitu kimelipwa. Huko lina maana nyingi. Kwa miaka mingi, chini ya kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo katika vyuo vingi vya Marekani, timu ya riadha ya wanaume katika Daraja la Kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili usiozidi 12.6, na ya wanawake 18. Wanariadha wenyewe katika timu walikuwa wengi kuliko hapo, na kocha alikuwa na ruhusa ya kuugawa ufadhili mmoja vipande vipande kama mkate. Mmoja alipewa nusu, mwingine robo, mwingine vitabu tu. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wowote kwa sababu ya michezo. Wala vile vinane mashuhuri vya Ivy League, kama Harvard na Yale, ambavyo humsaidia mwanafunzi kwa kutazama umaskini wa nyumbani kwao, si kasi yake. Jambo hili la mwisho lina faida kubwa kwa kijana hodari darasani: akiumia goti, fedha zake haziumii pamoja nalo.

Mwaka jana mzazi mmoja aliniletea simu yake nimsomee ujumbe wa kocha aliyekuwa akimtaka bintiye. Ujumbe ulisema chuo kitalipa karo. Mzee alikwisha tangaza kanisani. Nilimwomba bintiye awaulize wenye chuo gharama nzima ya mwaka, nao wakaileta: karo, malazi, chakula, bima ya afya, vitabu. Tulipotoa karo, salio lilikuwa zaidi ya dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja kila mwaka. Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, kumbe walisema masomo, hawakusema chakula." Binti alimwandikia kocha na kumweleza hali halisi ya nyumbani. Kocha hakukasirika, wala hakuiondoa nafasi, kama jamaa walivyohofia. Aliongeza malazi, akasema chakula kimemshinda. Safari ilibaki kuwa nzito, ila sasa uzito wake ulijulikana, na harambee iliitishwa kwa hesabu kamili.

Mzazi asiyejua pa kuanzia na aitazame fomu ya I-20, ambayo lazima chuo kiitoe kabla ya mwanafunzi kuomba viza. Humo chuo huandika gharama za mwaka na chanzo cha kila dola itakayozilipa. Ikiwa sehemu fulani imeandikwa kuwa italipwa na familia, basi familia imetajwa, hata kama kocha alizungumza kwa ukarimu namna gani katika simu. Ongeza na jambo ambalo nadra makocha kulitaja: sehemu ya ufadhili inayolipia chakula na malazi hutozwa kodi, na kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kawaida hukatwa asilimia 14. Aidha, viza hiyo haimruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo tu. Wale wanaosema kijana atajitafutia kibarua mjini afidie pengo wanampeleka kuvunja sheria za nchi ya watu.

Kisha ufadhili huo ni wa muda gani? Mwaka 1973 NCAA iliamua ufadhili uwe wa mwaka mmoja mmoja, na ni mwaka 2012 tu vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ahadi ya miaka kadhaa. Tangu Agosti 2024 kanuni za Daraja la Kwanza zinavikataza vyuo kumnyang'anya mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya jeraha au matokeo mabaya uwanjani. Hiyo ni hatua njema. Lakini kanuni hiyo haivifungi vyuo vya Daraja la Pili, wala vile vya chama kingine kiitwacho NAIA, wala vyuo vya miaka miwili, na huko ndiko wanakotua vijana wetu wasio wachache. Kwa hiyo kijana na aulize, tena apate jibu kwa maandishi: nikishindwa kukimbia mwaka wa pili, nitaendelea kusoma au nitarudi Kapsabet? Kocha mwaminifu hana sababu ya kulikwepa swali hilo.

Nije sasa kwa kocha mwenyewe, kwa maana yeye ndiye atakayekuwa baba na mama wa kijana kwa miaka minne. Jambo ambalo watu wa kwetu hawalielewi vizuri ni kwamba kocha wa chuo cha Marekani hapimwi kwa nishani za Olimpiki. Hupimwa kwa alama ambazo timu yake inazoa katika mashindano ya kanda na ya taifa. Mshindi wa mbio kwa kawaida huiletea timu alama 10, wa pili 8, wa tatu 6, hivyo hivyo hadi wa nane anayepata alama moja. Mwanariadha wa mbio ndefu ana sifa ambayo mrusha tufe hana: anaweza kutumwa katika mbio mbili, hata tatu, ndani ya siku tatu. Anakimbia mita 10,000 Alhamisi usiku, anashiriki mbio za kuruka viunzi na maji Ijumaa, anamalizia na mita 5,000 Jumamosi. Timu inavuna alama 24 au zaidi kutoka kwa jozi moja ya miguu. Na si mara moja kwa mwaka. Mbio za nyika huanza Septemba na kuisha Novemba. Mbio za ukumbini hushika wakati wa baridi hadi Machi. Mbio za uwanjani huendelea mpaka Juni. Mwanariadha wa mbio fupi ana misimu miwili. Wetu ana mitatu.

Wapo makocha wenye busara ambao humpumzisha kijana msimu mzima ili mwili ukomae. Wapo pia wale wanaomfanya kijana kuwa maksai wa plau, anayefungwa nira kila kukicha kwa kuwa jirani hana maksai kama yeye. Kuwatofautisha si kazi ngumu hivyo. Matokeo ya mashindano ya vyuo yanachapishwa wazi, na kijana mwenye simu anaweza kuyasoma mwenyewe akiwa Iten. Na achukue majina ya wanariadha walioingia timu hiyo miaka minne iliyopita, amfuate kila mmoja: alikimbia mara ngapi katika mwaka wa kwanza? Muda wake ulipungua au uliongezeka? Yuko wapi sasa? Ikiwa majina matatu kati ya manne yanatoweka baada ya mwaka wa pili, timu hiyo imekwisha jieleza. Hakuna haja ya kumuuliza kocha.

Zaidi ya yote, kijana na atafute Mkenya aliyekwisha kupita hapo na kuondoka. Sisemi aliyepo sasa, kwani aliyepo sasa bado anamhitaji kocha, na aghalabu ndiye anayepewa simu aongee na mgeni kwa Kiswahili au Kikalenjini ili amvute. Yule aliyeondoka ndiye mwenye ulimi huru.

Kuhusu masomo nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapotofautiana na watu ninaowaheshimu. Wapo wanaoshikilia kwamba mwanariadha hakwenda kusoma, kwamba shahada ni ziada tu, kama kachumbari pembeni mwa nyama. Kwa maoni yangu mambo ni kinyume. Wanaokimbia vyuoni Marekani ni maelfu, na wanaokuja kula jasho la mbio wakiwa watu wazima ni kiganja cha mkono. Shahada ndiyo mshahara. Kukimbia ndiyo kazi inayoulipa. Chuo kinachochukua kazi na kisitoe mshahara ni mwajiri mbaya, hata kiwe na uwanja unaong'aa namna gani.

Sheria ya Marekani yenyewe inamsaidia kijana katika jambo hili. Tangu mwaka 1990 ipo sheria inayovitaka vyuo vinavyotoa ufadhili wa michezo kutangaza ni wanariadha wangapi wanaohitimu, kwa kila jinsia na kwa makundi ya michezo, na kumkabidhi takwimu hizo mwanafunzi na wazazi wake wanapompa ahadi ya ufadhili. Natamani kila mwalimu mkuu wa shule zetu za wanariadha aijue sheria hiyo. Karatasi hiyo ni haki ya mzazi wa Marakwet kama ilivyo haki ya mzazi wa Texas, lakini haki isiyodaiwa hukaa kwenye droo ya mtu.

Takwimu pekee hazitoshi, kwa maana mtu anaweza kuhitimu bila kujifunza. Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, kimoja cha vyuo vya umma vinavyoheshimiwa mno nchini humo, kiliaibika mwaka 2014 uchunguzi ulipobaini kwamba kwa takriban miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipewa alama katika masomo ambayo hayakuwa na mwalimu wala vipindi vya kweli, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Kijana na aulize wanariadha waliomtangulia walisoma nini. Akisikia kwamba wote, bila kubagua, walisoma kozi moja, na atie shaka. Ama wana kipaji cha ajabu cha kufanana, ama kuna mtu aliyewachagulia njia isiyogongana na saa za mazoezi.

Saa hizo ni suala lenyewe. Kanuni zinasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, wala saa nne kwa siku, na siku moja iwe ya mapumziko. Kwenye karatasi, siku nzima ya mashindano huhesabiwa kama saa tatu, na safari ya basi au ndege kwenda huko haihesabiwi kabisa. Mwanafunzi anayetaka kusoma uuguzi, uhandisi au maabara ya kemia atakuta vipindi vyake vinaangukia alasiri, wakati timu inapokimbia. Sally Kipyego alisoma uuguzi na bado akashinda. Kwa hiyo inawezekana. Lakini inawezekana pale ambapo kocha amekubali mwanafunzi afanye mazoezi peke yake alfajiri kwa sababu ya zamu ya hospitali. Swali la kuuliza ni jepesi: katika timu hii yupo anayesoma hiyo kozi ninayoitaka? Niunganishe naye.

Jambo jingine linalohitaji kutazamwa kwa macho mapya ni uthabiti wa timu yenyewe. Zamani mzazi angeweza kudhani kwamba timu ya riadha ya chuo ni kitu cha kudumu kama jengo la maktaba. Sivyo tena. Mnamo Mei 2020, wakati wa janga la korona, chuo cha Central Michigan kilifuta riadha ya wanaume. Novemba mwaka huo Clemson kilitangaza kufanya vivyo hivyo, kikabadili nia mwezi Aprili 2021 baada ya makelele mengi. Na Juni 2025 Washington State, chuo kile kile cha Henry Rono, kilitangaza kuondoa mashindano ya kuruka na kurusha na kubaki hasa na mbio ndefu. Mkimbiaji wetu huenda akashangilia habari hiyo. Lakini kijana wa Kenya anayeota kurusha mkuki kama Julius Yego, bingwa wa dunia wa 2015, hana tena cha kufuata pale.

Mwezi huo huo wa Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano makubwa katika kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA. Tangu Julai mwaka huo vyuo vilivyoingia katika mapatano vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Idadi ya ufadhili haina kikomo tena, badala yake idadi ya wanariadha ndiyo iliyowekewa mpaka: 45 katika riadha na 17 katika mbio za nyika. Wapo mawakala wanaopita vijijini wakisema kwamba sasa vijana watalipwa mamilioni. Wasiaminiwe. Sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu, na mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaweza kujitia matatani na idara ya uhamiaji akipokea malipo yanayohesabiwa kuwa ni ya kazi. Kinachomhusu kijana wetu ni kingine: chuo kinachotafuta mamilioni ya kuwalipa wachezaji wa kandanda kitayatoa wapi, ikiwa si katika michezo isiyoleta viingilio? Riadha haileti viingilio. Ni halali kabisa kumuuliza kocha bajeti yake ya mwaka ujao ikoje, na mkataba wake mwenyewe unaisha lini. Kocha akiondoka, ahadi zake za mdomo huondoka naye.

Wasichana wana nafasi pana kidogo. Sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX huvibana vyuo visiwabague wanawake, na kwa kuwa kandanda humeza nafasi nyingi za wanaume, vyuo vingi hulazimika kutunza timu za riadha za wanawake. Mzazi ambaye angali anauza ng'ombe kwa ajili ya mvulana huku binti mwenye kasi akichota maji na ajue kwamba, kwa hesabu tupu, huenda anauza ng'ombe kwa mtoto asiye sahihi.

Hali ya hewa nitaipitia upesi, kwani ndiyo watu huiulizia zaidi ingawa si kubwa. Baridi ya Iowa ni kali, joto la Texas na unyevu wa Alabama humlemea aliyelelewa mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Flagstaff huko Arizona, penye mwinuko wa mita 2,100 hivi, panafanana na kwetu kuliko pengine. Vijana wetu wamefaulu kote huko. Koti hununuliwa.

Jeraha ni jambo kubwa kuliko baridi. Ni nani anayelipa daktari? Kanuni mpya za Daraja la Kwanza zinakitaka chuo kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya mwanariadha kuondoka. Nje ya daraja hilo, kila chuo na utaratibu wake, na hospitali za Marekani hazina huruma na mtu asiye na bima.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la hapa nyumbani. Wakazi wa Uasin Gishu hawajasahau mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Canada, ambao familia nyingi zilitoa fedha, nyingine zikauza mashamba, na nafasi za masomo hazikuonekana. Kesi ikafika mahakamani mwaka 2023. Huo haukuwa mpango wa riadha, lakini ulizaliwa katika udongo ule ule wa kuamini bila kuuliza. Leo katika miji hiyo hiyo wapo watu wanaowatoza vijana fedha ili wawatafutie vyuo. Kocha wa kweli hamtozi mwanariadha anayemtaka. Ada halali zinajulikana na hulipwa zinakostahili: ya kuandikishwa na NCAA, ya viza, na ile ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni. Yeyote anayedai azipokee mkononi na aombwe stakabadhi yenye jina la anayelipwa.

Hata hivyo, haifai kumwachia mtoto wa kidato cha nne mzigo huu wote peke yake. Chama cha riadha, wizara zinazohusika na serikali za kaunti wana ofisi, wana magari, na wanapenda kupiga picha na vijana katika uwanja wa ndege. Ningewaomba wafanye kazi ndogo kuliko hiyo. Na waandike ni nani amekwenda chuo gani na nini kilimpata. Walimu wakuu wanaweza kuanza hata bila wao. Katika shule nyingi za wanariadha kuna ubao ofisini wenye majina ya wanafunzi waliopata vyuo vya ng'ambo, na mbele ya kila jina mwaka wa kuondoka. Pangechorwa safu moja zaidi kwenye ubao huo, ya mwaka wa kuhitimu, na pale asipohitimu pangeachwa wazi, ili mtoto anayesubiri kuingia ofisini apate kuhesabu nafasi zilizo wazi mbele ya kila chuo.